Kigari kipi cha mtoto kinafaa mitaa yetu? Tumevipanga kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Kabla hujauliza bei, toka mlangoni kwako utembee hatua mia moja kuelekea unakokwenda na mtoto mara nyingi: kliniki, dukani, kwa bibi yake, msikitini au kanisani. Angalia chini. Kama ni lami au pevingi tangu kizingitini, karibu kigari chochote kitakupeleka. Kama ni mchanga wa Kigamboni, makorongo ya Kimara au udongo mwekundu wa Kiambu mvua ikishanyesha, vingi vya vile vinavyong'aa dukani vitakwama kabla ya kona ya kwanza. Hizo hatua mia ndizo zinazoamua ununue nini. Rangi, jina la kampuni na kilichosukumwa na jirani vinakuja baadaye, kama vinakuja kabisa.

Tunasema hivi kwa sababu kigari ni kati ya vitu vichache vya mtoto vinavyonunuliwa mbele za watu. Nepi hakuna anayeiona, lakini kigari kinapigwa picha siku ya arobaini na kinasukumwa Mlimani City Jumapili jioni. Jambo hili si geni. Kampuni ya Silver Cross ilianzishwa Leeds, Uingereza, mwaka 1877, na vigari vyake vikubwa vya springi vilifika hadi kwenye familia ya kifalme. Vilitengenezwa kwa ajili ya yaya anayesukuma kwenye njia tambarare za bustani, kisha anakiegesha kwenye ukumbi mpana wa nyumba bila kukibeba popote. Mwaka 1965 mhandisi wa ndege, Owen Maclaren, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, alisajili hataza ya kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Tangu hapo koo mbili zinaishi sokoni: kigari cha kuonekana na kigari cha kubebeka. Bugaboo ya Uholanzi, iliyoanza 1999, ilirudisha ule wa kuonekana kwa nguvu mpya baada ya kigari chake kutokea kwenye tamthilia ya televisheni ya Marekani mwaka 2002. Leo toleo lake kubwa likiwa jipya linavuka pauni 1,000 huko Uingereza, fedha inayokaribia kununua pikipiki mpya hapa kwetu.

Kupenda kitu kizuri si kosa. Tatizo ni pale kizuri kinapomshinda mama kukipandisha ngazi.

Mpangilio huu tumeufanya kwa familia ya mjini yenye mtoto mmoja, isiyo na gari au yenye gari dogo, inayopita njia mbovu angalau sehemu ya safari. Kama hali yako ni tofauti, tumeeleza ni wapi mpangilio unabadilika.

Nafasi ya 1: Kigari cha mtumba cha alumini, magurudumu makubwa, kiti kinacholala

Hiki ndicho tunachokipendekeza kwa wengi. Vinashuka kwenye makontena kutoka Ulaya na Uarabuni, vinauzwa kwenye mitumba ya Karume na Gikomba na kwenye kurasa za mtandaoni. Kizuri kilichotumika mwaka mmoja Ulaya kina fremu bora kuliko kipya cha bei ileile dukani, kwa sababu kilipita majaribio ya kiwango cha usalama cha Ulaya, EN 1888. Tafuta namba hiyo kwenye lebo ya kitambaa au stika ya fremu. Kilichotoka Marekani kitakuwa na ASTM F833.

Vipimo tunavyovisimamia: gurudumu la nyuma lisipungue sentimita 25 kwa kipenyo, la mbele lisipungue 18. Gurudumu la sentimita 14 likigonga jiwe dogo linasimama ghafla na mtoto anatupwa mbele kwenye mikanda; la 25 linapanda na kupita. Magurudumu ya mbele yawe yanazunguka lakini yawe na kitufe cha kuyafunga yaelekee mbele tu, maana kwenye kokoto gurudumu lisilofungwa linayumba kushoto kulia mpaka mkono unauma. Uzito wote usizidi kilo 10.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kiti lazima kilale. Kiwango cha Ulaya kinataka pembe kati ya mgongo na kalio ifike angalau digrii 150 kigari kiruhusiwe kwa mtoto mchanga. Huhitaji kipima pembe: kikilala vizuri kinakuwa karibu bapa kama kitanda. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, kichwa chake kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa. Hili halina mjadala.

Sasa ukaguzi. Nenda mchana, nenda na futi kamba na mfuko wa unga wa kilo 10. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Weka unga kwenye kiti, ufunge mikanda, sukuma mita ishirini kwenye sakafu laini kisha uachie mikono kwa hatua mbili. Kikivuta upande mmoja, fremu imepinda au ekseli moja imelegea. Ekseli inakazwa, fremu iliyopinda hainyooki, hata fundi akikuahidi. Kisha kitoe nje kwenye kokoto. Kigari kitupu chochote kinateleza vizuri, ndiyo maana unga ni muhimu.

Kikunje na ukikunjue mara tatu. Kila kikifunguka unapaswa kusikia mlio wa kufunga pande zote mbili. Baada ya mlio, kandamiza mpini kwenda chini kwa uzito wako. Kikianza kujikunja, kiache hapohapo hata kama ni bei ya kutupa. Hapa ndipo pia penye hatari ya vidole: Novemba 2009 Maclaren ilirudisha takriban vigari milioni moja Marekani baada ya taarifa 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati kigari kinafunguliwa. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba. Kwenye mtumba wa miaka hiyo vifuniko hivyo mara nyingi havipo. Pitisha kidole chako kwenye kila kiungo, na uweke sheria nyumbani: mtoto awe mbali, tena mikononi mwa mtu mwingine, kigari kinapokunjwa au kukunjuliwa.

Breki: ikanyage, kisha sukuma kwa nguvu. Magurudumu yote mawili ya nyuma yagome. Likigoma moja na jingine linazunguka, huenda waya wa breki umekatika ndani ya bomba la fremu, na waya huo ni vigumu kupata hapa.

Mikanda iwe mitano: miwili ya mabega, miwili ya kiuno, mmoja kati ya miguu. Mitumba mingi imepoteza ile ya mabega kwa sababu ilitolewa wakati wa kufua ikasahaulika Ulaya. Muuzaji atakwambia "ya kiuno inatosha, mama". Haitoshi. Mtoto wa miezi kumi anajigeuza na kusimama kwenye kiti, au anateleza chini shingo inanaswa. Mikanda mitano ya kubadilisha inauzwa peke yake mtandaoni, lakini hakikisha fremu ina matundu ya kuishikilia kabla hujalipa.

Mwisho geuza godoro na mishono. Vidoti vyeusi kama wino kwenye kona za mishono ni kinyesi cha kunguni. Harufu ya uvundo inaondoka kwa kufua na jua la siku mbili. Kunguni ni balaa utakayoiingiza chumbani. Kitambaa kikitoka kufuliwa kisianikwe kwenye jua kali kila wiki, maana jua la pwani linakausha nyuzi na mikanda inaanza kuchanika kwenye mshono.

Bei? Fanya hesabu ya safari badala ya kuangalia bei tupu. Kigari cha shilingi 450,000 kinachotoka mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili kinafanya safari 208: kila safari ni shilingi 2,163. Kigari cha 3,300,000 kinachotoka mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mmoja na nusu kinafanya safari 36: kila safari ni shilingi 91,667. Andika namba zako, kwa ukweli, kabla ya kwenda dukani.

Nafasi ya 2: Kigari cha mwavuli

Kilo 5 hadi 7, kinakunjwa kuwa kirefu chembamba, kinaingia miguuni kwenye bajaji. Kwa mtoto aliyeshaanza kukaa mwenyewe, hakuna chenye faida kubwa kuliko hiki kwa bei yake. Kasoro zake ni magurudumu madogo na kiti kisicholala, kwa hiyo si cha mtoto mchanga na si cha mchangani.

Kinachoharibika kwanza ni gurudumu la mbele. Nywele, nyuzi za zulia na mchanga vinajizungusha kwenye ekseli mpaka gurudumu linaacha kuzunguka, linaburutwa, linalika upande mmoja. Kila mwezi litoe, kata nyuzi kwa wembe, futa, tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, kisha ufute tena mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukiacha mafuta yakitiririka au ukipaka grisi, mchanga utaganda pale na kusaga plastiki.

Kosa la pili ni la wazazi, si la kigari: kutundika mfuko wa sokoni kwenye mipini. Kigari cha kilo 6 chenye kilo 4 za viazi mgongoni kinasimama kwa sababu mtoto yuko mbele. Ukimnyanyua mtoto, kinaanguka chali. Mtoto akijirudisha nyuma kwa nguvu, kinaanguka naye.

Nafasi ya 3: Cha magurudumu matatu yenye upepo

Kwa anayeishi mchangani, shambani au barabara isiyo na lami kabisa, hiki kinapanda hadi nafasi ya 1. Kinaelea pale vingine vinapozama.

Uzuri mkubwa ni matengenezo. Vingi vina tairi za inchi 12 au 16, saizi ambazo ziko karibu na za baiskeli za watoto. Soma namba ubavuni, kwa mfano 12½ x 2¼, na fundi baiskeli wa mtaani atakupa tyubu na kiraka kwa solusheni yake ya kila siku. Hakuna kigari cha kifahari chenye spea karibu hivyo. Ila usijaze upepo kwa kompresa ya kituo cha mafuta. Tyubu hiyo ni ndogo, hewa inaingia kwa kishindo, na inaweza kupasuka kabla hujatoa mkono. Tumia pampu ya mkono, usipite kiwango kilichoandikwa kwenye tairi.

Kabla ya kununua pima milango. Vingi vina upana unaozidi sentimita 60, na milango ya vyumba vya kupanga si mipana hivyo kila mara. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe au Mji wa Kale wa Mombasa utajikuta unarudi nyuma kila pikipiki ikitokea mbele.

Kamba ya mkononi inayofungwa kwenye mpini ni ya lazima kwa aina hii, hasa unaposhuka mteremko wa kivuko cha Likoni na watu wanasukumana nyuma yako. Ndani ya pantoni kanyaga breki na uendelee kushika mpini.

Nafasi ya 4: Kinachokunjwa kama begi la ndege

Yoyo, iliyotoka 2012, ina takriban kilo 6.2 na ikikunjwa ni sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Butterfly ya Bugaboo ina kilo 7.3. Vinakunjwa kwa mkono mmoja wakati mwingine umemshika mtoto, na hilo ni jambo kubwa kwa mama anayesafiri peke yake. Anayepanda ndege mara nne kwa mwaka, au anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, atafaidi kila shilingi. Mwingine atalipia udogo asiouhitaji, kwa magurudumu madogo yasiyopenda njia zetu.

Tahadhari: nakala za Yoyo zimejaa sokoni na kwa macho zinafanana sana. Tofauti utaiona kwenye kufuli ya kukunja na kwenye breki, kwa hiyo rudi kwenye ukaguzi wa hapo juu, kandamiza mpini. Na shirika la ndege lina haki ya kukataa usiingie nacho ndani ya kabini; uliza shirika lako kabla ya safari.

Nafasi ya 5: Seti ya kigari na kiti cha gari

Ina maana kama unaendesha karibu kila siku na mtoto mchanga. Kiti cha gari chenyewe ni kinga ya kweli barabarani, na hapo tusingekushauri ubane fedha. Ila kinunue kipya, au kwa ndugu unayejua historia ya gari lake. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usioonekana. Geuza chini utafute saa ndogo iliyochongwa inayoonyesha mwaka wa kutengenezwa, na lebo ya kiwango cha usalama, R129 au R44/04. Kisichokuwa na lebo wala tarehe, kiache.

Kiti cha gari si kitanda. Mtoto anakaa amejikunja, kwa hiyo ukifika mtoe umlaze bapa, na kwa safari ndefu simama njiani angalau kila saa mbili. Hili linahusu pia viti vya gari vyenye magurudumu kama Doona: ni vya kuvusha mtoto kutoka garini hadi mlangoni, si vya kuzunguka naye sokoni asubuhi nzima. Mtoto anavipita akikaribia mwaka mmoja na kidogo, na hapo utahitaji kigari kingine.

Nafasi ya 6: Vigari vikubwa vya kifahari

Tumeviweka mwisho, na si kwa ubaya wa kazi. Mishono ni safi, springi ni laini, kiti kinageuka kukuangalia wewe au dunia. Vinashindwa kwa uzito na kwa spea. Kigari cha kilo 12, mtoto wa kilo 8, begi la kilo 3: umesimama chini ya ngazi za kliniki na kilo 23, na mtoto analia. Cha mwavuli kingekuwa kilo 6, ungekikunja begani na mtoto kiunoni. Gurudumu la kifahari likivunjika Dar, unaagiza Ulaya na kusubiri, na usafirishaji unaweza kuzidi bei ya gurudumu. Buti ya Passo au Vitz haikimezi mpaka utoe magurudumu, na ukishaanza kutoa magurudumu kila safari, kigari kitaishia nyuma ya mlango kikikusanya vumbi.

Mwenye gari kubwa, nyumba ya chini, pevingi hadi getini na fedha isiyotoka kwenye mkopo, anunue na afurahie. Asiyekuwa na hivyo vinne, asijibane kwa ajili ya picha.

Mbeleko haina nafasi hapa kwa sababu haina mshindani

Kwa daladala, kwa ngazi, kwa tope, khanga mbili zinashinda kila kilichotajwa. Familia nyingi hazihitaji kigari kabisa mpaka mtoto afike kilo 8 au 9 na mgongo wa mama uanze kulalamika. Ukimbeba mchanga, uso uonekane wakati wote na kidole chako kimoja kipite kati ya kidevu chake na kifua.

Khanga hiyohiyo usiifunike juu ya kigari kuzuia jua. Inazuia hewa kuzunguka, joto ndani linapanda haraka, nawe huoni uso wa mtoto. Tumia kofia ya kigari, mwavuli wa kubana kwenye fremu au chandarua chepesi, na kila dakika chache gusa shingo yake kwa nyuma. Ikiwa ya moto na jasho, mtoe kivulini.

Dukani utaonyeshwa pia kile kiti cha duara chenye magurudumu cha kumfundisha mtoto kutembea. Si kigari, na Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho ngazini. Kipite.

Walio ughaibuni

London na miji mingine ya Uingereza, kigari kinachokunjwa haraka kina thamani ya ziada kwenye basi. Januari 2017 Mahakama ya Juu ya huko ilitoa hukumu katika kesi ya Doug Paulley, mtumiaji wa kiti cha magurudumu aliyekosa basi mwaka 2012 kwa kuwa nafasi ilikuwa na kigari ambacho mwenyewe alikataa kukihamisha. Dereva sasa anapaswa kufanya zaidi ya kuomba tu. Nafasi ile ni ya mwenye ulemavu kwanza; ukiwa na kigari cha kilo 13 kisichokunjika na mtoto amelala ndani, huenda ukalazimika kushuka hata kama mvua inanyesha.

Na ukimtumia ndugu nyumbani kigari ulichomaliza kutumia, weka kwenye boksi gurudumu moja la mbele la ziada, mikanda yote mitano ikiwa imefungwa mahali pake, na kitabu cha maelekezo. Gharama ni ndogo, na ndivyo vitu vitatu visivyopatikana huku.

Kama kigari ni zawadi ya kamati

Vigari vingi vikubwa visivyotumika vilinunuliwa kwa michango, na waliochanga walimpenda mama kwa dhati. Hawakuambiwa tu anachohitaji. Mama mjamzito asione haya kusema mapema. Shangazi au rafiki anaweza kumwandikia kwenye kundi la WhatsApp hivi:

"Wapendwa, mama mtarajiwa anashukuru sana. Kama mnafikiria kigari, anaomba kiwe cha alumini, kiti kinacholala kwa mtoto mchanga, gurudumu la nyuma lisipungue sentimita 25, kisizidi kilo 10, kikikunjwa kiingie buti ya Passo. Cha mtumba kilichokaguliwa ni sawa kabisa. Rangi yoyote."